Plastiki ya mahindi: Chuo kinapanda, nani anavuna?

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

WAFANYABIASHARA wa vifungashio hawajaisahau Juni 1, 2019, siku mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku Tanzania. Kenya ilikuwa imetangulia Agosti 28, 2017, na Rwanda mapema zaidi, mwaka 2008. Waliokutwa na shehena ghalani walihesabu hasara. Walionusa mapema waliagiza mifuko mbadala na kuiuza kabla washindani wao hawajazinduka.

Tangu hapo haupiti muda mrefu bila kutokea mtu mwenye habari njema. Kuna plastiki mpya, anasema, imetokana na mahindi au miwa, inaoza yenyewe, na bei yake iko njiani kushuka. Mmoja anauza mifuko. Mwingine anauza mashine ya kuitengenezea. Na siku hizi, kwa kuwa simu imeleta masoko ya hisa ya ng'ambo hadi mkononi, yupo anayeuza hisa za kampuni inayoitengeneza.

Wiki hii tunafuatilia habari hizo hadi zinakotoka. Sehemu kubwa hutoka katika maabara za vyuo vikuu vya Marekani, na safari ya kutoka huko hadi kwenye duka la mfanyabiashara ni ndefu kuliko vipeperushi vinavyosema. Urefu huo ndio unaoamua nani anapata faida na nani anabaki na karatasi.

Tumechagua Chuo Kikuu cha Minnesota kuwa mfano. Jimbo hilo ni la wakulima wa mahindi na soya, na ndipo ilipo Cargill, moja ya kampuni kubwa kabisa za nafaka duniani. Mwaka 2009 chuo hicho kilianzisha Kituo cha Polima Endelevu chini ya mwanakemia Marc Hillmyer. Mwaka 2014 Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, inayojulikana kama NSF, ilikipa kituo dola milioni 20 za kutumika kwa miaka mitano, na vyuo vikuu vya Cornell na California-Berkeley vikaingia kama washirika.

Kwanza, bidhaa yenyewe

Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoungana, mfano wa shanga kwenye uzi. Plastiki zote ni polima. Ukibadilisha aina ya shanga, unapata plastiki nyingine. Rambo ilikuwa polietilini. Ile mifuko laini iliyochukua nafasi yake, ambayo wanunuzi wengi wanadhani ni kitambaa, ni polipropilini. Yaani tulitoka plastiki moja tukaingia nyingine, iliyo nzito zaidi na inayotumika mara nyingi zaidi. Shanga za zote mbili hutokana na mafuta ya petroli na gesi asilia.

Plastiki hizi mbili peke yake ni zaidi ya nusu ya plastiki yote inayotengenezwa duniani, na hapo ndipo penye adha. Zikiyeyushwa pamoja hazishikani. Ni kama mafuta na maji: kinachotoka kwenye mashine kinaonekana kizima, lakini ukikivuta kinakatika. Wanunuzi wa plastiki chakavu wanalijua jambo hili bila kusoma kemia. Mzigo uliochambuliwa, chupa kwa chupa, ndoo kwa ndoo, mifuko kwa mifuko, una bei. Mzigo uliochanganyika ni takataka, au unauzwa kwa bei ya takataka.

Februari 2017 kundi la Geoffrey Coates wa Cornell na lile la Frank Bates wa Minnesota walichapisha katika jarida la Science jibu lao kwa tatizo hilo. Walitengeneza mnyororo wenye vipande vinne vinavyopokezana: polietilini, polipropilini, polietilini, polipropilini. Ukiutia kwenye mchanganyiko ulioyeyuka, kila kipande hujipenyeza kwa ndugu yake, na mnyororo ukawa kama mshono kati ya vitambaa viwili. Katika majaribio yao, kiasi cha asilimia 1 tu ya uzito kilitosha kuufanya mchanganyiko uliokuwa ukikatika uvutike bila kukatika.

Msomaji anayenunua plastiki chakavu aliangalie hilo mara mbili. Vumbuzi nyingi za kituo hiki zinahusu mimea. Mwaka 2014, kwa mfano, watafiti wa Minnesota walionyesha jinsi bakteria waliorekebishwa wanavyoweza kulishwa sukari ya glukosi hadi wakatoa malighafi ya mpira laini. Hayo ndiyo magazeti huyapenda. Lakini ule mshono wa 2017 haudai mahindi wala miwa. Unagusa plastiki ambayo tayari imejaa mitaroni, na kama siku moja utauzwa kwa bei nafuu, tofauti ya bei kati ya mzigo uliochambuliwa na usiochambuliwa, ambayo ndiyo riziki ya watu wengi katika biashara hii, itapungua. Mwandishi wa safu hii anauona huo kuwa ugunduzi mkubwa zaidi wa kibiashara kuliko mifuko yote ya mahindi.

Daftari la hesabu

Nani alilipa? Mlipakodi wa Marekani. Na nani ana haki ya kuuza? Chuo. Kabla ya 1980 uvumbuzi uliogharamiwa na serikali ya nchi hiyo kwa kawaida ulikuwa mali ya serikali, na hataza nyingi zilikaa kwenye makabati. Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka huo iliruhusu vyuo kumiliki hataza, kutoa leseni na kupokea mrabaha. Ndipo ofisi za biashara zilipoanza kuota katika kila chuo kikubwa.

Kampuni nazo huingia mapema, kwa njia rahisi. Minnesota ina umoja wa viwanda na watafiti, IPRIME, ambamo kampuni hulipa ada ya mwaka, huhudhuria mikutano ya matokeo na huweza kumpeleka mtaalamu wake akafanye kazi maabara pamoja na wanafunzi. Utafiti unaoonyeshwa humo ni wa mwanzo, ambao haujafikia ushindani. Kwa kampuni, ada hiyo ni nafuu kuliko kujenga maabara yake. Inanunua masikio na macho, na inawaona vijana kabla hawajamaliza masomo.

Ukiliweka daftari hili kama tulivyofundishwa darasani, utaona hatari ya miaka ya kwanza, ile ambayo majaribio mengi hufa, inabebwa na ruzuku. Hatari ya miaka inayofuata, ya kujenga kiwanda, inabebwa na mtaji. Na mtaji, mara nyingi, unakusanywa kwa kuuza hisa kwa watu ambao hawajawahi kusikia habari ya miaka ya kwanza.

Hisa zilivyokwenda

Tuanze na Metabolix. Kampuni hii ilitoka katika utafiti uliofanywa chuo cha MIT na ilianzishwa 1992. Bidhaa yake ilikuwa PHA, plastiki ambayo bakteria huitengeneza na kuihifadhi mwilini kama sisi tunavyohifadhi mafuta. Iliuza hisa kwa umma Novemba 2006 kwa dola 14 kila moja. Ikashirikiana na ADM, jabali la nafaka, wakajenga kiwanda cha tani 50,000 kwa mwaka mjini Clinton, jimbo la Iowa. Januari 2012 ADM ilijitoa, ikafuta kwenye vitabu vyake zaidi ya dola milioni 300, na hisa za Metabolix zikaporomoka. Mwaka 2016 teknolojia yote ya plastiki hiyo iliuzwa kwa kampuni ya Korea Kusini, CJ CheilJedang, kwa dola milioni 10.

Kiwanda hakikufa kwa sababu kemia ilikuwa ya uongo. Plastiki ilikuwepo na ilioza. Ila bei yake ilikuwa juu, wateja walinunua kwa vikilo, na kiwanda cha tani 50,000 hakiishi kwa vikilo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na kituo chetu. Profesa Coates, yule yule wa mshono, alikuwa amegundua vichocheo vinavyoweza kuiunganisha hewa ukaa na kemikali nyingine hadi ikawa polima. Mwaka 2004 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Novomer, karibu na Cornell. Mwaka 2016 kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco ilinunua kitengo kimoja cha Novomer kwa thamani iliyotajwa kufikia dola milioni 100. (Hewa ukaa, kwa hiyo, ikarudi mikononi mwa wauza mafuta.) Sehemu iliyobaki ilinunuliwa 2021 na Danimer Scientific ya jimbo la Georgia kwa takriban dola milioni 152.

Hebu mfuate huyo mnunuzi. Danimer nayo ilikuwa ikitengeneza PHA, kutokana na mafuta ya mbegu za kanola. Iliingia Soko la Hisa la New York mwishoni mwa Desemba 2020, na haikupitia mlango wa kawaida wa kuuza hisa kwa umma. Iliungana na kampuni tupu iliyokuwa imeorodheshwa tayari, yenye fedha bila biashara. Hisa ya kampuni tupu kama hiyo huanzia dola 10. Februari 2021 hisa ya Danimer ilivuka dola 60. Mwezi uliofuata gazeti la Wall Street Journal lilihoji madai ya jinsi plastiki hiyo inavyooza, na bei ikaanza kuteremka. Novemba 2024 kampuni iliunganisha kila hisa 40 kuwa hisa 1 ili bei isionekane kuwa senti. Machi 2025 iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi.

Tangu Novomer ianzishwe hadi mnunuzi wake afilisike ni miaka 21. Katika muda huo waliouza walipata chao: wawekezaji wa kwanza wa Novomer, walioiunganisha Danimer na kampuni tupu, mawakili, washauri. Aliyenunua Februari 2021 kwa sababu alisoma kwamba plastiki ya baharini imepatiwa dawa, alipoteza karibu fedha yake yote.

Iko kampuni iliyodumu, nayo inafundisha kitu. NatureWorks hutengeneza PLA, plastiki ya wanga wa mahindi, huko Blair, Nebraska, kiwanda cha tani zipatazo 150,000 kwa mwaka. Cargill ilianza utafiti wake mwishoni mwa miaka ya 1980, ikaungana na Dow 1997, na kiwanda kikafunguliwa 2002. Dow ilichoka ikajitoa 2005. Teijin ya Japani iliingia 2007, ikatoka 2009. Mwaka 2011 kampuni ya Thailand ambayo leo inaitwa PTT Global Chemical ilinunua nusu kwa dola milioni 150. Cargill ni mali ya familia. Haipeleki hesabu zake sokoni kila robo mwaka, na haimlazimu kueleza mwenye hisa kwa nini mwaka wa kumi bado hakuna gawio. Mwekezaji mdogo hawezi kununua hisa za NatureWorks, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kampuni hiyo kuwa hai.

Mikono ya maabara

Sasa tunaingia katika jambo ambalo wasomaji wa ukurasa wa masoko huenda wakauliza linatuhusu nini: nani anaruhusiwa kusoma kemia.

Fedha ya ruzuku, ukiifungua, sehemu yake kubwa ni posho na mishahara ya wanafunzi. Profesa anapata jina, lakini anayekesha na chupa ni kijana. Vyuo vingi havitajiriki kwa mrabaha. Bidhaa yao ya uhakika ni huyo kijana, ambaye akimaliza anachukuliwa na viwanda. Kwa hiyo nchi inayofunga mlango kwa sehemu ya vijana wake inapunguza malighafi.

Marekani ilifanya hivyo kwa muda mrefu, na yupo mtu mmoja ambaye kisa chake kingefaa kusomwa katika kila darasa la biashara. Percy Julian alikuwa mjukuu wa watumwa. Aliongoza darasa lake Chuo Kikuu cha DePauw mwaka 1920, na kwa kuwa milango ya shahada ya uzamivu kwao ilikuwa migumu kwa mtu mweusi, aliipata Vienna, Austria, 1931. Taasisi ya kemia ya karatasi ya mji wa Appleton, Wisconsin, ilitaka kumwajiri, lakini kanuni ya mji haikuruhusu mtu mweusi kulala humo. Mwaka 1936 kampuni ya rangi ya Glidden ikamchukua aongoze utafiti wa soya mjini Chicago.

Angalieni Glidden ilipata nini. Julian aliisimamia kazi ya kutenga protini ya soya kwa kiwango cha kiwanda, na protini hiyo ikauzwa kwa wapakaji wa karatasi badala ya ile ya maziwa iliyokuwa ghali. Hiyo ilikuwa polima ya shambani, kwenye soko, zaidi ya miaka 70 kabla kituo cha Minnesota hakijafunguliwa. Kutokana na protini hiyo hiyo lilipatikana povu la kuzimia moto lililotumiwa na jeshi la majini katika Vita Kuu ya Pili. Baadaye alifungua kampuni yake na mwaka 1961 akaiuza kwa dola milioni 2.3. Appleton ilikosa hayo yote kwa sababu ya kitanda cha usiku mmoja.

Mipango ya siku hizi ya kupanua nafasi katika kemia imejengwa juu ya hesabu hiyo. Mwaka 2004 NSF ilianzisha mpango wa PREM, ambao hukifunga pamoja chuo chenye wanafunzi wengi wa jamii zilizoachwa nyuma na kituo kikubwa cha utafiti wa malighafi. Mkubwa analeta mitambo ya mamilioni, mdogo analeta vijana na walimu wanaowajua vijana hao. Minnesota iliunganishwa kwa njia hiyo na Chuo Kikuu cha Texas Rio Grande Valley, mpakani mwa Mexico, ambako wanafunzi walio wengi sana ni wa asili ya Kihispania.

Huko Texas aliyeongoza ni Profesa Karen Lozano, mzaliwa wa Mexico. Yeye na mwenzake Kamal Sarkar walibuni njia ya kutengeneza nyuzi nyembamba mno za polima kwa nguvu ya mzunguko, mfano wa mashine ya peremende za pamba tunazowanunulia watoto Sabasaba. Mwaka 2009 ikazaliwa kampuni ya FibeRio, iliyokuja kununuliwa na Clarcor, watengenezaji wa vichujio, ambayo nayo ilimezwa na Parker Hannifin 2017. Hapakuwa na hisa ya dola 60. Palikuwa na mashine, na mwenye kuihitaji akainunua.

Mipango ya aina hii imeingia katika wakati mgumu. Aprili 2025 NSF ilitangaza vipaumbele vipya na kuanza kukatisha mamia ya ruzuku, nyingi zikiwa zile zilizolenga kupanua ushiriki wa makundi yaliyo nyuma. Mwaka huo huo Ikulu ya Marekani ilipendekeza bajeti ya NSF ipunguzwe kwa zaidi ya nusu. Wapo wanaosema kwamba fedha ya umma isichague kundi, na hoja hiyo ina wenyewe. Lakini kwa mfanyabiashara matokeo yanasomeka bila siasa. Kama miaka ya kwanza ya hatari haitabebwa na ruzuku, basi itabebwa na mtaji, na mtaji utataka kurudi haraka. Kampuni zitapelekwa sokoni zikiwa mbichi zaidi ya Danimer. Habari njema zitaongezeka, si kupungua.

Kwenye duka letu

Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kwa mwaka. Uwezo wa viwanda vyote vya plastiki itokanayo na mimea au inayooza haufiki asilimia 1 ya hizo. Kwa kiasi hicho kidogo bei haiwezi kushindana na polietilini, ambayo viwanda vyake vilishalipiwa zamani, na bei yake huteremka kila mafuta yanaposhuka. Mfuko wa mahindi unauzika pale tu ambapo sheria inamlazimisha mnunuzi, au mteja yuko tayari kulipia jina.

Kuhusu kuoza, muuzaji wa PLA akisema inaoza hasemi uongo, ila hamalizi sentensi. Inaoza upesi katika mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi zipatazo 60 na unyevu wa kutosha. Ikitupwa ufukweni au mtaroni itakaa kama plastiki nyingine kwa muda mrefu. Mwagizaji asitoe fedha ya awali kabla hajaona kwa macho cheti cha shirika la viwango la nchi yake kwa bidhaa ile ile, si kwa bidhaa inayofanana nayo, na jina la mtambo ambao takataka hiyo itapelekwa.

Na kwa vikombe kuna kipimo kisichohitaji maabara. PLA ya kawaida hulegea ikikaribia nyuzi 60. Akija muuzaji na sampuli, mchemshie chai, uimimine humo ikiwa moto, mzungumze bei mkiisubiri.